Kutoka Kangole Hadi Kotido kwa Pikapu Yenye Springi Ngumu

Karamoja ni nchi ya tambarare pana iliyoko kaskazini-mashariki ya Uganda, ikipakana na Kenya upande wa mashariki na Sudan Kusini upande wa kaskazini. Milima yake imesimama mmoja mmoja, mbalimbali kama walinzi walio zamuni: Kadam upande wa kusini, Napak upande wa magharibi, na Moroto, wenye kimo cha meta 3,083, karibu na mpaka wa Kenya. Mvua hunyesha katika msimu mmoja tu wa mwaka, na hata msimu huo mara nyingi huvunja ahadi. Wenyeji ni wafugaji wa ng'ombe na wakulima wa mtama. Mwanamume wa huko hatembei bila kigoda chake kidogo cha mti, ambacho mchana hukikalia na akijinyosha hukifanya mto wa kichwa.

Siku hizi msafiri atokaye Mbale hupita Soroti na Katakwi juu ya lami mpaka mjini Moroto, safari ambayo zamani ilimtoa mtu jasho, na wakati wa mvua ilimlaza njiani. Lakini Moroto si mwisho wa Karamoja. Mbele yake kuna Kotido, makao ya Wajie, na mbele zaidi Kaabong, makao ya Wadodoth. Tulipopita sisi, lami ilituaga Moroto, na kilomita zaidi ya 100 za kwenda Kotido zilikuwa za changarawe na udongo mweusi. Udongo huo ukilowa hunata kama ulimbo. Ukikauka huwa mgumu kama tofali, na alama za magurudumu ya malori hubaki juu yake kama mifereji. Mahali penye changarawe pana mikunjo midogo midogo iliyofuatana kama bati la nyumba. Ni barabara inayofichua kila kasoro ya gari.

Mzigo na abiria

Gari letu lilikuwa pikapu ya zamani aina ya Toyota Hilux, mali ya sajini mstaafu wa polisi ambaye sasa anaishi Kotido na kujipatia riziki kwa kuchukua bidhaa kutoka Mbale: unga, chumvi, sabuni na saruji. Springi zake za nyuma zilikuwa zimechoka hata sanduku la gari likainama kama ng'ombe mgonjwa. Basi akaipeleka kwa fundi mmoja mjini, akawekewa springi mpya za mizigo mizito, zikaongezwa mabamba mawili kila upande. Akafungiwa pia shokapu mpya, na mbele gari likainuliwa ili lilingane na nyuma.

Kutoka Mbale hadi Kangole, tukiwa na magunia ya unga juu, gari lilikwenda vizuri mno. Halikuinama wala halikuyumba kwenye kona. Lakini pale Kangole tulishusha shehena yote kwa mfanyabiashara aliyeiagiza, na kilomita chache zilizobaki kufika hospitali ya Matany tukazipita tukirushwa kama mahindi katika kikaango. Kila shimo lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye uti wa mgongo.

Jambo hilo lingekuwa la kuchekesha kama tusingekuwa na kazi nyingine. Pale Matany, katika hospitali ya Mtakatifu Kizito, alikuwapo mke wa koplo mmoja wa jeshi, jirani wa Mzee Sajini, aliyejifungua mtoto wa kiume kwa kupasuliwa. Daktari alikuwa amemruhusu kwenda nyumbani. Mumewe alikuja kumpokea, na Mzee Sajini alikuwa ameahidi kuwachukua mpaka Kotido. Koplo alilizunguka gari, akabonyeza sanduku la nyuma kwa mikono miwili na kwa uzito wake wote, nalo halikushuka hata kidogo. Akasema kwa adabu, "Afande, kwa gari hili mshono wa mama hautafika Kotido."

Mzee Sajini hakubishana naye. Tuliwachukua polepole juu ya lami hadi Moroto, tukawalaza kwa ndugu zao, na siku nzima iliyofuata tukaifanya ya kulitengeneza gari. Tulimpata fundi mmoja mtu mzima, aliyezoea magari ya barabara za huko. Aliyotuonyesha yanafaa kuandikwa hapa, kwa maana jamaa wengi wa askari wana magari ya namna hii.

Kwa nini gari jipya springi huwa gumu

Springi ya nyuma ya pikapu ni mabamba ya chuma yaliyopindwa kama upinde na kupangwa moja juu ya jingine. Tuseme springi za zamani zilishuka sentimita 1 kwa kila kilo 50 zilizowekwa juu yake. Kilo 500 zingezishusha sentimita 10. Ukiongeza mabamba hata zikahitaji kilo 100 kwa kila sentimita, mzigo ule ule utazishusha sentimita 5 tu. Na dereva akiwa peke yake ni kama hakuna aliyepanda. Kwa hiyo springi ya mizigo si mbovu. Imefanywa kwa ajili ya mzigo, na mzigo usipokuwapo haina kazi ya kufanya, ikabaki kupeleka kila pigo la barabara kwa abiria.

Hata hivyo, fundi alisema si ugumu wote unaotoka kwenye springi. Mwingine unatoka katika namna ya kufunga, na huo huondolewa bila kununua kitu.

Alianza na upepo wa magurudumu. Yale ya nyuma yalikuwa yamejazwa kwa ajili ya magunia, yapata paundi 45. Aliyapima asubuhi kabla jua halijayapasha moto, akayapunguza hadi 28, kiasi kilichokuwa ndani ya mipaka ya kitabu cha gari hilo likiwa tupu. Alitukumbusha kwamba tairi lenye upepo mdogo halifai mbio wala mzigo, na kwamba kabla ya kupakia tena ni lazima lijazwe.

Pili, alilala chini ya gari akatazama bolti zinazopita katika bushi za mpira kwenye ncha za springi. Zilikuwa zimekazwa kwa nguvu wakati gari limeinuliwa kwa jeki na ekseli inaning'inia. Gari liliposhushwa, mpira wa bushi ukabaki umesokotwa, ukishindana na springi kwa kila mwendo. Akazilegeza gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote manne, akalitikisa, nasi tukasikia mlio kama wa mlango mkavu. Sanduku likashuka kidogo. Ndipo akazikaza tena. Alizikaza pia zile bolti zenye umbo la U zinazoshika springi kwenye ekseli, kwa kuwa springi mpya hujipanga katika kilomita mia chache za kwanza, na bolti hulegea.

Tatu, alihamia mbele. Gari la aina ile halina springi za kuzunguka mbele, bali lina fito mbili za chuma zinazosokotwa. Fito hizo zilikuwa zimekazwa mno ili kuinua pua ya gari, hata mikono ya magurudumu ikawa karibu kugusa kizuizi cha kushuka. Gurudumu likikuta shimo halikuwa na nafasi ya kushuka, likagonga. Alizilegeza kwa mizunguko sawa kulia na kushoto, akapima kimo cha pande zote mbili kwa utepe.

Mabamba yaliyoongezwa hakuyatoa siku ile. Alisema kazi hiyo yataka vyombo kamili na vigingi imara vya kulishikilia gari, kwa maana springi iliyobanwa ikifyatuka huvunja mkono. Alipendekeza bamba moja litolewe kila upande huko Kotido, lakini lisiwe bamba kuu wala lile la pili linalolisaidia kushika bushi. Tena alionya vikali dhidi ya mafundi wanaochoma springi kwa moto ili kuilainisha. Chuma cha springi kikichomwa hupoteza uhai wake, na siku moja hukatika njiani.

Breki na taa

Jambo alilotufunza ambalo hatukuliwaza kabisa ni la breki. Pikapu nyingi zina kifaa karibu na ekseli ya nyuma, chenye mkono mdogo, kinachopima kimo cha sanduku. Gari likishuka kwa mzigo, kifaa kinaruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma, likipanda, kinaipunguza. Springi mpya zilipoinua sanduku, kifaa kilidhani gari ni tupu daima, hata lilipojaa magunia. Maana yake ni kwamba tulitoka Mbale tukisimama kwa magurudumu ya mbele zaidi kuliko ilivyopasa. Fundi alirekebisha mkono ule kwa kipimo cha kitabu, kisha akaelekeza upya taa za mbele. Mwenye gari yeyote aliyebadilisha springi na aulize mambo haya mawili kabla ya kulipa.

Njiani kwenda Kotido

Tuliondoka alfajiri, mlima Moroto ukiwa bado mweusi nyuma yetu. Katika sanduku tuliweka mifuko minne ya mchanga, kila mmoja wa kilo 50, tukaipanga karibu na ekseli na kuifunga kwa kamba pande zote, kwani mfuko usiofungwa hugeuka kombora gari likisimama ghafla. Kilo hizo 200 ziliipa springi kazi kidogo. Mama alikaa mbele, kiti kimerudishwa nyuma, mkanda ukipita chini ya tumbo juu ya mifupa ya nyonga, na mto mdogo kati ya mkanda na mshono. Koplo alikaa nyuma yake akiwa amempakata mtoto.

Kwenye mikunjo ya changarawe Mzee Sajini hakufanya kama vijana wanaokimbiza gari ili liruke juu ya mikunjo. Mwendo huo hulainisha safari kwa sikio, lakini gari huwa halishiki barabara, na shokapu zikipata moto hupoteza nguvu. Alikwenda kilomita 30 kwa saa, mahali pengine 20, na kila baada ya saa moja tulisimama mama ajinyoshe. Kwenye mto mmoja wa mchanga mtupu vijana wachungaji waliacha mifugo yao wakaja kututazama. "Ejoka!" wakatusalimu, na mmoja akampa mama kigoda chake akalie kivulini.

Tulipofika Panyangara jua lilikuwa limepanda, na mama, ambaye tangu Moroto hakuwa amesema maneno mengi, aliomba maji ya kunywa, kisha akamwambia mumewe, "Nipe mwanangu nimnyonyeshe." Mzee Sajini alisimamisha gari mara moja chini ya mgunga, akashuka, akaenda kukagua bolti zake.

Kotido tuliingia baada ya adhuhuri. Jirani walikuwa wamekusanyika, na vigelegele vikapigwa. Muuguzi wa zahanati aliutazama mshono siku ile ile, akaukuta umekaa vyema.

Bamba moja la kila upande lilitolewa wiki iliyofuata. Mzee Sajini ameyahifadhi nyumbani, yamepakwa mafuta, na husema atayarudisha akipata mkataba wa kuchukua saruji. Ndugu msomaji, ukienda kwa fundi kubadilisha springi, mwambie kwanza kilo unazobeba siku nyingi za mwezi, wala usimtajie ule mzigo mzito wa siku moja. Na ikiwa gari hilo hilo ndilo linalochukua mama, wazee na wagonjwa wa jirani, mwambie na hilo pia.