Okidi na Usiku wa Baridi

Watu wengi hudhani kuwa ua ni mtoto wa jua na maji. Jua likitosha na maji yakitosha, basi kwa hesabu yao ua halina udhuru wa kutochanua. Dhana hii ina ukweli wake kwa asumini na kwa vilua vya pwani. Lakini ziko okidi ambazo huweza kupewa jua, maji, mbolea na hata mapenzi ya mwenye nyumba, zikastawi majani kwa miaka mingi, zisitoe ua hata moja. Haja yao iliyobaki haionekani kwa macho wala haichotwi kwa kata. Haja hiyo ni baridi, tena baridi ya usiku.

Simbidiamu ni okidi ya namna hiyo. Jina lake limetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya mashua, kwa sababu mdomo wa ua lake umebonyea mfano wa mtumbwi. Olof Swartz, mwanachuoni wa mimea wa Sweden, ndiye aliyeiita hivyo mwaka 1799. Wachina walikuwa wamekwisha kuzilima jamaa zake ndogo, zenye harufu tamu, karne nyingi kabla yake. Zile za maua makubwa, ambazo leo huwekwa katika vyungu barazani, ni uzao wa machotara. Wazee wao waliota juu ya miti na katika nyufa za mawe kwenye milima ya Himalaya, Burma na Vietnam, mahali ambapo mchana huwa na nuru na usiku huwa na ukungu. Chotara wa kwanza alipatikana Uingereza mwaka 1889. Tangu hapo wamechanganywa na kuchanganywa tena, hata asili imekuwa vigumu kuitambua katika rangi na ukubwa wa ua; lakini katika haja ya baridi asili imebaki vile vile.

Mmea wenyewe si mgumu kuutunza, na waliouita mgumu aghalabu wameuua kwa wema. Mizizi yake ni minene na myeupe, imevikwa ngozi mfano wa sifongo. Hupenda kulowa na kukauka kwa zamu, wala haipendi udongo mzito. Hupandwa katika magome ya miti yaliyokatwa vipande, au makumbi ya nazi, yaliyochanganywa na mkaa. Juu ya mizizi husimama vinundu vya kijani vilivyovimba kama vitunguu, na kila kinundu ni ghala la maji na chakula. Kinundu huzaa maua mara moja, kisha majani yake hupukutika kwa miaka, nacho hubaki kikiwalisha wadogo zake. Jani la simbidiamu yenye afya lina rangi ya kijani inayoelekea umanjano. Jani la kijani kibichi sana, linalosifiwa na kila apitaye, ni dalili kuwa mmea umewekwa gizani.

Usiku una kazi gani, basi? Mchana jani hutengeneza sukari kwa nuru. Usiku hupumua na kutumia sehemu ya sukari ile. Usiku ukiwa wa joto, matumizi huwa makubwa, na akiba ya kujengea shina la maua hupungua. Tena baridi yenyewe ni kama mjumbe: majira ya usiku yanaposhuka hata nyuzi 10 hadi 14 za Selsiasi kwa wiki kadhaa, huku mchana ukiwa na nuru na joto la kadiri, ndipo mmea hupokea habari ya kuandaa maua. Habari hiyo isipofika, mmea huendelea kuota majani, hauugui wala haulalamiki. Usiku wa Dar es Salaam katika mwezi wa Julai, ambao watu wa mji huuita wa baridi, aghalabu haushuki chini ya nyuzi 18. Kwa simbidiamu hiyo ni hali ya joto tu.

Mkunga mmoja wa Lushoto aliyajua haya nusu tu, kwa kuwa huko kwao nusu ya pili ilifanywa na mlima bila kuombwa. Chungu chake kilikaa katika baraza iliyoelekea mashariki kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Kila mwaka, baada ya kipupwe, kilitoa mashina mawili au matatu, na shina moja liliweza kuchukua maua kumi na zaidi, yakadumu karibu miezi miwili. Desturi yake ilikuwa kumpelekea ua moja kila mwanamke aliyejifungua mikononi mwake katika miezi ile. Wapo Lushoto watu wazima ambao mama zao huwaambia, “Wewe ulizaliwa wakati wa maua ya mkunga,” wakakisia kwa hayo mwezi wa kuzaliwa.

Alipostaafu, na mumewe akafariki, mwanawe alimchukua akae naye Dar es Salaam. Chungu kilisafiri basini kikiwa juu ya mapaja yake. Mwaka wa kwanza hakikutoa ua, naye akasema kuwa ni uchovu wa safari. Mwaka wa pili aliongeza mbolea. Mwaka wa tatu alikihamishia chini ya mwembe kukiepusha na jua kali, majani yakawa ya kijani cha kupendeza, majirani wakasifu. Mwaka wa nne mwanawe alisema kwa mzaha kuwa mama yake analima mchicha usiolika.

Jambo la kustaajabisha ni kuwa milima hiyo hiyo ya Usambara imewahi kutoa mmea wake ukaenda ugenini ukafanikiwa. Ua dogo la urujuani ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtumishi wa serikali ya Kidachi, alipeleka mbegu zake kwao mwaka 1892, leo hukaa madirishani Ulaya na Marekani kana kwamba lilizaliwa huko. Lakini safari mbili hizi hazilingani. Katika nchi ya baridi mtu huwasha moto kwa ajili yake mwenyewe, na ua lililo dirishani hupata fungu lake la joto bure. Katika nchi ya joto hakuna mtu alalaye katika nyuzi 12 kwa ajili yake mwenyewe. Baridi hiyo lazima inunuliwe kwa ajili ya mmea peke yake, usiku baada ya usiku.

Mkunga alijaribu kuinunua. Alisikia kuwa vipande vya barafu vikiwekwa juu ya mizizi jioni hufanya kazi, akaviweka mwezi mzima. Barafu iliyeyuka kabla ya watu kumaliza kula, na hewa iliyozunguka majani ikabaki vile ilivyokuwa. Kisha alikiingiza chungu chumbani penye mashine ya kupoza hewa. Hewa ile kavu ikaunguza ncha za majani, nuru ya dirisha haikutosha, na hesabu ya umeme ya mwezi ule ikasomwa mezani kwa sauti iliyokuwa na adabu lakini haikuwa na furaha. Mwanawe, akitaka kumtuliza, alimnunulia okidi nyingine dukani, ile yenye maua bapa kama vipepeo, ambayo hustahimili joto la nyumba na hukaa na maua miezi mitatu.

“Mama, hii nayo ni okidi.”

“Ni okidi, mwanangu, lakini siyo.”

Aliishukuru, akaiweka mezani, akaitendea kama mgeni wa heshima. Mwana hakukosea. Mtu wa pwani atakaye okidi ana nyingi za kuchagua zisizodai milima. Hata vanila ni okidi, na Unguja inaifahamu. Kanuni iliyo bora kwa mkulima ni kupanda kile ambacho usiku wake mwenyewe unaweza kukilea. Lakini kanuni hiyo humfaa anayeanza, wala haimwambii neno mtu ambaye tayari anacho chungu na miaka kumi na mitano ndani yake.

Shauri lililokuwa baya kabisa lilitoka kwa jirani: aagize okidi za Kitulo, kwa kuwa hizo ni za baridi na ni za nchini. Uwanda wa Kitulo, ulio juu ya kiasi cha mita 2,600 katika nyanda za juu za kusini, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na watu wa huko huuita Bustani ya Mungu. Okidi zake nyingi hujificha ardhini kwa viazi vyao wakati wa kiangazi, na viazi hivyo vimechimbwa kwa magunia vikapelekwa Zambia kufanywa chakula kiitwacho chikanda. Kuzichimba kwa ajili ya chungu ni wizi ule ule katika kikapu kidogo, na faida yake ni ndogo zaidi. Noël Bernard wa Ufaransa aligundua mwaka 1899 kuwa mbegu ya okidi, ambayo ni kama vumbi na haina akiba ya chakula, huota kwa msaada wa kuvu. Okidi nyingi za ardhini huendelea kuitegemea kuvu hiyo hata ukubwani, na aing’oaye huiacha kuvu nyuma. Mkunga alimjibu jirani kuwa hajapata kumtoa mtoto kwa mama yake ili ampe mwingine.

Aliyeyakata maneno alikuwa wifi yake wa Lushoto, kwa simu. “Wifi, ua hili unalitesa au linakutesa? Nirudishie.” Mkunga alikataa mwaka mzima. Wapo jamaa waliofanya fumbo la jambo hili, wakasema kuwa mmea na mwenye mmea wana ugonjwa mmoja. Fumbo hilo hakulipenda. “Mimi nimefuata wajukuu,” alisema. “Ua halina mjukuu Dar es Salaam.”

Mwaka wa sita chungu kilijaa vinundu hata kikapasuka, ikawa lazima kihamishwe. Simbidiamu ina fadhila hii, kwamba huweza kugawanywa. Mkunga aliutoa mmea, akakung’uta makumbi yaliyooza, akakata mizizi iliyokufa. Kisu alikipitisha motoni kabla ya kila mkato, na hakuna aliyehitaji kumfundisha jambo hilo. Sehemu za mikato alizipaka unga wa mdalasini zikauke. Fungu la mbele, lenye vinundu vinne vichanga na majani yao yote, alilifunga kwa gazeti likapanda basi la Lushoto. Vinundu vitatu vikongwe, vipara, visivyo na jani, alivibakiza. Mwenye choyo angalifanya kinyume. Vinundu vikongwe vina macho yaliyolala, na huweza kuchipua majani upya. Lakini kuyafikisha maua kunataka miaka, na kunataka usiku ambao yeye hakuwa nao.

Kipupwe cha kwanza huko Lushoto hakikuleta kitu, kama ilivyo kawaida ya mmea uliokatwa. Kipupwe cha pili, mwezi wa Agosti, wifi alipeleka picha ya chipukizi lililotokeza ubavuni mwa kinundu, akauliza kama ni jani au ni ua. Picha haikuonyesha vema.

“Ncha yake ni bapa au ni ya duara?” aliuliza mkunga.

“Ya duara.”

“Libonye kwa vidole, taratibu, kama unavyogusa utosi wa mtoto. Likiwa gumu ni jani.”

Wifi alikaa kimya kitambo. “Linabonyea.”

“Basi usikigeuze chungu tena. Shina hufuata nuru, ukikigeuza litapinda.”

Maua yalifunguka mwezi wa Oktoba, kumi na moja kwa hesabu ya wifi, ambaye aliwahi kuuliza apewe nani la kwanza. Katika chungu cha Dar es Salaam vinundu viwili kati ya vitatu vilikuwa vimekwisha kuchipua majani, na mkunga alikuwa amekitoa chini ya mwembe na kukiweka penye nuru ya asubuhi.