Bogoro, kijiji cha karfuru

Ukitoka Bunia kwa njia ya Kasenyi, baada ya kilometa 25 hivi uko Bogoro. Dereva anauliza: "Mzee, utashukia wapi?" Unajibu: "Ku karfuru." Basi, imetosha. Pale njia zinaachana: moja inateremka ziwani, nyingine inaenda Gety, kwa Wangiti. Sisi wa upande huu tulilijua jambo hilo kabla ya kujua a, be, che.

Nchi yenyewe ni ya vilima na majani, malisho mazuri ya ng'ombe. Mlima Waka unasimama karibu. Mbele kidogo nchi inakatika: Bunia iko karibu metre 1,270 juu ya bahari, Ziwa Albert liko 620 tu, na gari iliyojaa mizigo inashuka polepole kama mgonjwa. Samaki ya chumvi inapanda, muhogo na maharagwe yanashuka, na vyote vinapita Bogoro.

Soko lilikuwa shule yetu ya kwanza. Kihema cha kusini ni ndugu ya Kinyoro cha ng'ambo, Uganda. Kingiti ni cha ukoo mwingine kabisa wa lugha, hata ukisikiliza siku nzima hushiki neno. Kwa hiyo mwenye maziwa na mwenye muhogo walipatana bei kwa Kiswahili. (Walitukanana pia kwa Kiswahili, tusidanganyane.)

Lakini karfuru inatamaniwa. Wakati wa vita, mwenye kuishika alishika njia ya ziwa. Askari wa UPC waliweka kambi yao ndani ya Institut ya Bogoro, katikati ya raia. Tarehe 24 Februari 2003, kabla ya mapambazuko, wapiganaji wa Kingiti na wa Kilendu walishambulia. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, ng'ombe walichukuliwa. Waliopona walikimbilia vichakani, wengine upande wa Waka.

Kesi ilienda mbali sana, La Haye. Mathieu Ngudjolo aliachiliwa mwaka 2012. Germain Katanga alihukumiwa miaka 12 mwaka 2014. Mnamo Januari 2012 majaji walikuja wenyewe kuona vilima na umbali kwa macho yao. Tulistaajabu: mambo ambayo kwetu mtoto wa kuchunga mbuzi anayajua, yaani shule iko wapi na njia inapita wapi, yalikuwa sasa kazi ya wanasheria wenye majoho. Mwaka 2017 watu 297 waliandikiwa fidia ya dola 250 kila mmoja, ya ishara tu, pamoja na misaada ya jumla. Dola 250 hazirudishi zizi. Hata hivyo kuandikwa jina si kitu kidogo, na hatupendi wanaolicheka.

Kinachotuuma ni kingine. Leo ukimuuliza kijana wa Bunia aliyesoma vizuri, "Bogoro ni nini?", anakujibu tarehe. Hakujibu karfuru, wala Waka, wala soko. Ramani kamili ya kijiji chetu iko katika mafaili ya mahakama, kwa Kifaransa, na imechorwa kwa ajili ya siku moja.

Kwa hiyo tunaomba: wenye kujua majina ya vijito vya Bogoro, na malisho ya ukoo gani yalifika wapi, na nani aliuza nini sokoni, watuletee, hata kwenye karatasi ya daftari. Kihema, Kingiti, Kiswahili, vyote tutapokea.