Mikono Inayotetemeka



Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa Jumapili ya Pasaka ya mwaka 2005, siku Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipofika dirishani kuubariki umati wa waamini, akajaribu kusema, sauti isitoke. Alifariki siku sita baadaye. Sisi tuliovuka miaka hamsini tulikuwa watoto alipoizuru nchi yetu mwaka 1980 na 1985, naye wakati huo alikuwa mtu wa kifua kipana na hatua za haraka. Ugonjwa uliomkaza uso na kuutetemesha mkono wake huitwa Parkinson, kwa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeuandikia kitabu kidogo mwaka 1817.

Ndani kabisa ya ubongo pana sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Seli zake hutengeneza dopamini, ambayo hupeleka ujumbe wa kuongoza mwendo wa mwili. Seli hizo hufa moja baada ya nyingine kwa miaka mingi. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa yake imekwisha kutoweka.

Hufaje? Kufa kwa seli si ajali daima. Mara nyingi ni amri inayotekelezwa. Sydney Brenner, John Sulston na Robert Horvitz walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kumchunguza mnyoo wa milimita 1 tu: katika kukua kwake hufanyika seli 1,090, na 131 kati ya hizo hufa kwa utaratibu, zilezile katika kila mnyoo. Nasi pia, vidole vyetu vilitengana tumboni mwa mama kwa sababu seli zilizokuwa kati yake zilikufa kwa wakati wake. Ndani ya seli mna mitokondria, majiko yake ya nguvu. Jiko likiharibika mno, humwaga protini iliyo kama ishara. Ishara huamsha vimeng'enya viitwavyo kaspasi, navyo huikatakata seli kutoka ndani. Hii ni mojawapo ya njia ambazo wataalamu wanaona seli za dopamini huangamia. Seli yenye afya ina walinzi: protini mbili, PINK1 na parkini, hulitia alama jiko bovu ili liondolewe mapema. Waliorithi kasoro katika jeni za protini hizo huugua wakiwa vijana, wengine kabla ya miaka 40.

Tumewasikia wahubiri wakiigeuza habari hii kuwa mfano wa kujitoa: seli hufa ili mwili uishi. Kwa vidole vya mtoto, na iwe hivyo. Kwa Parkinson hatukubali. Kifo cha seli hizi hakimfai mtu yeyote, wala si lazima kila jambo la mwili lifanywe hotuba.

Watafiti wametafuta kwa miaka mingi dawa ya kuzikinga seli zilizobaki. Mpaka leo hakuna iliyothibitika kuusimamisha ugonjwa. Ipo levodopa, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Haiponyi, lakini humrudishia mtu mwendo wake kwa saa kadhaa.

Katika jumuiya yetu hai yupo mzee, mwalimu mstaafu. Mwandiko wake ulianza kupungua hadi herufi zikawa kama mbegu za lengalenga. Uso ukakaza, watu wakasema ana kinyongo. Akawa anasimama ghafla mlangoni, kana kwamba amezuiwa na mtu asiyeonekana. Mnajua neno lililofuata, tena mnajua kwetu neno hilo linaweza kumfikisha mzee wapi. Kikundi kimoja cha maombi kikamwagiza aache vidonge ili aonyeshe imani. Aliviacha, akakauka kama ubao, akashikwa na homa, akabebwa hospitalini siku ya tatu. Daktari aliwaambia wanawe kwamba levodopa haikatishwi ghafla. Kufanya hivyo kunaweza kuua. Imani isiyoweza kukaa chumba kimoja na kidonge hatujaikuta popote katika katekisimu tunayoifundisha.

Mtawa Mfaransa, Marie Simon-Pierre, aliyekuwa na Parkinson, alipona mwaka 2005, na Kanisa likaupokea uponyaji huo kuwa muujiza kabla ya Yohane Paulo kutangazwa mwenye heri mwaka 2011. Yohane Paulo mwenyewe alitetemeka mpaka mwisho. Tunayashika yote mawili, ingawa hatuwezi kuyapatanisha.

Mzee amerudi kanisani. Kidonge hukinywa mapema, mbali na nyama na maharage, maana protini za chakula huizuia dawa kuingia vema. Akiganda mlangoni, kumvuta mkono hakusaidii. Kumhesabia hatua au kumwimbia husaidia, maana mguu hufuata mdundo. Jumapili iliyopita vijana wawili wa kwaya walimngojea pale, wakaanza wimbo wa kuingia kwa sauti ya chini, kabla padri hajatoka sakristia. Akanyanyua mguu wa kulia, akaingia.