Kambare na Sheria ya 1850

Miaka yote niliyofundisha darasa la ubatizo hapa Nyakato, Musoma, somo lililoleta kelele kuliko yote ni la samaki ambao Biblia inaruhusu kuliwa. Sato halali, sangara halali. Kambare hana magamba, mwache. Kwa kamongo tulibishana mpaka giza likaingia, kwa sababu magamba anayo, ila yamezama ndani ya ngozi. Wavuvi wa Mwigobero waliniletea mmoja mzima ndani ya ndoo, nihukumu. Niliyapenda mabishano yale, nisiseme uongo.

Mwaka 2014 binti mmoja akaniuliza kama ng'ombe ni halali. Nikajibu upesi: kwato zimepasuka, anacheua.

"Hapana, mwalimu. Nauliza wale waliomtolea dada."

Dada yake alikuwa na miaka 15.

Nilirudi nyumbani nikafungua historia yetu Wasabato. Oktoba 22, 1844 tunaijua sote, siku wafuasi wa William Miller walipomngoja Kristo mpaka usiku wa manane bila kumwona. Lakini wale waliobaki baada ya aibu ile, wakajiita warejeshaji wa kweli zilizokanyagwa, walikuwa watu gani? Nahodha Joseph Bates tunamsifu kwa kupiga marufuku pombe melini mwake. Kumbe ndiye aliyesaidia kuanzisha chama cha kupinga utumwa mjini kwake Fairhaven, Massachusetts. Mwaka 1850 Marekani ikatunga sheria ya kumlazimisha raia asaidie kumkamata mtumwa aliyetoroka. 1859 Ellen White, nabii wetu, akawaandikia waumini wasiitii, liwalo na liwe. Hapo kanisa lilikuwa bado kuundwa rasmi. Liliundwa Mei 1863 kule Battle Creek, na maono yake ya afya, yale tunayoyataja kila tukimkataza mtu kitu, yakafuata Juni. (Baadaye waliteleza: karne ya 20 ilipoingia, huko kusini mwa Marekani weusi na weupe wakawa wanasali kwa kutengana.)

Ujumbe wa Kisabato Wajerumani waliufikisha Upare mwaka 1903, kisha ukaja huku kwetu Majita na Ikizu. Mimi nimebatizwa, nimekuwa mwalimu, na habari ya 1859 sikuwahi kuifundisha hata Sabato moja.

Nikaenda kwa baba wa binti, muumini mwenzangu. Akanikaribisha mchaichai, maana majani ya chai hatunywi.

"Mwalimu, serikali yenyewe inaruhusu," akasema.

Na kweli Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilikuja kuvikataa vifungu hivyo 2016, Mahakama ya Rufani ikakazia 2019, lakini siku ile sikuwa na hukumu ya kumwonyesha. Nilikuwa na nahodha wangu na mtumwa aliyetoroka, nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akatazama zizini.

"Sasa ng'ombe nitawarudishaje, mwalimu? Watatu wameshazaa."