Mvivu Niliyemuandika



Mulicheka sana siku ile tulipojaribu mchezo wangu wa kufunga mwaka. Mulimcheka yule Mvivu, anayefika shule nyuma ya wengine, anasinzia, anafukuzwa, basi. Nami nilifurahi. Kisha mtoto mmoja akanifuata nje: «Yaya, ule mutu njo mimi. Lakini haukuniulizaka sababu gani ninachelewaka.»

Nikanyamaza. Mimi kapita wenu, jina lake naliandika kwenye liste kila juma, na sikumuuliza hata siku moja.

Sisi wa mwaka wa sita pedagojia tunajifunza saikolojia. Kwenye mtihani najibu vizuri: kila tendo la mtu lina haja au woga nyuma yake. Katika kuandika nikasahau. Nilimpa mtu wangu jina la kosa lake, nikaona yatosha. Wazee wa Bwami, katika nchi hii ya Walega, walifundisha kwa sanamu ndogo, kila moja na mithali yake. Moja, Sakimatwematwe, ina vichwa vingi, inatazama pande zote. Kapita wenu alikuwa na kimoja tu.

Nikarudi kwenye Rosa Mistika, kitabu cha Kezilahabi kilichotoka 1971. Zakaria anampiga binti yake Rosa vibaya sana kwa sababu ya barua ya kijana. Rosa anakua akiogopa wanaume. Baadaye, shuleni, mbali na macho ya baba, anaanguka. Tunamkasirikia, lakini tunamuamini, kwa maana tuliona fimbo mbele ya kosa.

Basi nikamuuliza yule mtoto. (Ameniruhusu kuandika haya, bila jina.) Anaamka saa kumi ya usiku, anaenda mtoni kuosha mchanga wa dhahabu na mjomba wake, apate minerval. Nikamwambia: «Mbona hausemi?» Akajibu: «Wanicheke kama mvivu, ni afadhali kuliko wajue hatuna kitu.»

Jibu hilo sikulipata katika kaye yangu ya saikolojia. Kumbe uvivu ulikuwa nguo yake ya kujifunika, na mimi nilichora nguo tu. Sasa mtu wangu anadanganya zaidi kuliko zamani, anagombana hata na rafiki anayetaka kumsaidia. Si mwema. Lakini anajua anachoficha, na mwenye kuigiza anajua pia.

Jumamosi tunajaribu tena. Jina Mvivu nimelifuta, lingine bado sijapata.