Kimbieni au Tukimbie

Hakuna somo shuleni linalotumia amri nyingi kama mazoezi ya viungo. Mwalimu wa historia husimulia, wa hesabu hueleza, lakini wa mazoezi huamuru: simameni, jipangeni, rukeni, nyamazeni. Dada yangu mkubwa anasomea ualimu wa somo hilo. Katika stazhi yake ya mwaka wa mwisho aliniomba nije na daftari, niandike kila kitenzi atakachokisema uwanjani. Anajua sisi watu wa lugha tunapenda kuhesabu vitu ambavyo hakuna mwingine anavihesabu. Kwa dakika 45 niliandika amri 71. Swali lilikuwa moja tu, kwa kijana aliyechelewa: "Unajiona nani?"

Alikuwa na sababu. Alikuwa amesoma kuhusu Edward Deci na Richard Ryan, Wamarekani wawili wa saikolojia, ambao kitabu chao cha 1985 kinaeleza kwamba mtu huwa na ari ya kweli anapojiamulia. Nadharia yao inataja pia mahitaji mengine mawili, kujiona anaweza na kuwa karibu na wenzake. Huko Seoul, Korea Kusini, Sung Hyeon Cheon, Johnmarshall Reeve na Ik Soo Moon waliyapeleka mawazo hayo uwanjani. Mwaka 2012 walichapisha utafiti juu ya walimu 19 wa mazoezi wa sekondari: wengine walipewa mafunzo, wengine wakaendelea kama kawaida. Kilichonivutia ni kwamba sehemu kubwa ya mafunzo hayo ilikuwa ni namna ya kusema. Toa sababu ya zoezi. Kubali kwamba linachosha, usimkaripie anayenung'unika. Alika, usisukume. Wanafunzi wa walimu hao walionyesha ari zaidi kuliko wenzao.

Kwetu shida ilianza na neno. Kifaransa husema "autonomie", na wengi hulifasiri "uhuru". Dada alicheka. "Uhuru kwa watoto 62 na mpira mmoja? Watapanda miti." Tulibishana jioni nzima juu ya makaa mpaka tukakubaliana na "kujiamulia", ambalo halimwondoi mwalimu uwanjani. Mama, aliyekuwa anachambua sombe, akatukumbusha animasyo ya asubuhi wakati wa Zaire, watoto wakiimba na kucheza kwa zamu mbele ya bendera. "Tulicheza vizuri sana," alisema. "Hakuna aliyetuuliza kama tunapenda."

Wiki iliyofuata dada alibadili vitenzi. Badala ya "kimbieni" akasema "tukimbie", huku yeye amesimama na filimbi yake. Mtoto mmoja wa mbele akauliza: "Mwalimu, 'tu' ni nani?" Sijasikia swali bora la sarufi mwaka huu. Dada akavua saa yake, akakimbia nao.

Palikuwa na msichana ambaye kila wiki alikaa chini ya mti, na kila wiki alipewa sifuri. Safari hii dada alimwendea akamuuliza sababu. Alikuwa anatembea karibu saa nzima kutoka kilimani, bila kula, na sketi ya bluu ya shule ilikuwa inambana kila alipokimbia. Dada akatoa njia tatu: kukimbia, kuruka kamba, au nzango, ule mchezo wa kuruka na kupiga makofi ambao wasichana wa Kinshasa na Brazzaville wanaujua vizuri. Msichana akachagua nzango. Dakika kumi baadaye alikuwa anawarekebisha miguu wavulana wanne, tena kwa amri kali kuliko za dada.

Msimamizi wa stazhi alikuwepo siku hiyo. Alimpa 11 kwa 20 na kuandika kwamba darasa lilikosa nidhamu. Nimeisoma fomu yake. Ina mstari wa sauti, wa mavazi ya mwalimu, wa kupanga safu, wa kutumia filimbi. Haina mahali pa kuandika kwamba mtoto aliyekuwa chini ya mti ameinuka. Naona wahadhiri wetu wa isimu wangeweza kukaa na wenzao wa mazoezi na kuitazama fomu hiyo, hasa ule mstari wa sauti, ambao unapima ukubwa wake na kusahau maneno yenyewe.

Dada amebakiwa na masomo matatu ya kupimwa, na msimamizi ni yuleyule. Ameniomba nije tena na daftari. Filimbi hajaiacha, kwa sababu watoto 62 hawasikii "mnaweza kuchagua" kutoka upande wa pili wa uwanja.