Kanisa la Mathari na Majina ya Wafu

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nyeri hupita Thika, akavuka mto Sagana, akafika Karatina penye soko lililo maarufu kote nchini. Toka hapo njia huzidi kupanda kati ya mashamba ya kahawa, na ikiwa ni asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Kenya huonekana upande wa kulia na theluji yake kileleni, na milima ya Nyandarua upande wa pili.

Wageni wengi wafikao Nyeri hulizuru kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki hapo tarehe 8 Januari 1941. Wachache ndio waendeleao mpaka Mathari, kilomita chache nje ya mji. Wasiofika hukosa jambo kubwa, maana huko Mathari pana kipande cha Italia katika nchi ya Wakikuyu.

Wamisionari wa Consolata kutoka Turin walifika nchi hii mwaka 1902. Wa kwanza kuwapokea alikuwa Chifu Karuri wa Gakure, huko Tuthu katika nchi ya Murang'a. Punde baadaye wakaja Nyeri. Mmoja wa waliowafuata ni Sista Irene Stefani, mzaliwa wa Anfo, mji mdogo kando ya ziwa huko Italia ya kaskazini. Katika Vita Kuu ya Kwanza aliwauguza wapagazi wa jeshi, Waafrika waliokufa kwa maelfu kwa maradhi. Baadaye akakaa Gikondi mpaka alipofariki tarehe 31 Oktoba 1930, baada ya kumwuguza mgonjwa wa tauni. Wenyeji walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri papa hapa Nyeri, na umati mkubwa wa watu ulikusanyika siku hiyo.

Lakini kanisa la Mathari lina habari nyingine. Mwaka 1941 majeshi ya Italia yalishindwa katika Ethiopia, na maelfu ya askari wake wakaletwa Kenya kuwa wafungwa wa vita. Walijenga barabara, na pia kanisa dogo lililo kando ya njia ya Mai Mahiu, mahali ambapo madereva husimama hata leo. Watatu kati yao, Felice Benuzzi na wenziwe wawili, walitoroka kambi ya Nanyuki mwezi wa Januari 1943, si kwa kukimbilia kwao, bali kuupanda Mlima Kenya kwa vifaa walivyojitengenezea kwa siri. Wawili walifika kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985, wakasimika bendera yao. Kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao wenyewe, wakatiwa kifungoni.

Wengine hawakurudi kwao kabisa. Mkuu wao, Amedeo, Mtawala wa Aosta, alifariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942, hali akiwa mfungwa. Yeye alikuwa wa ukoo wa mfalme, na ingewezekana mwili wake upelekwe Italia baada ya vita. Lakini alitaka kuzikwa pamoja na askari wake. Kanisa la ukumbusho likamalizika mwaka 1952, na humo amelala yeye na askari mia sita na zaidi. Kuta za ndani zimejaa vijumba vya mifupa, na kila kimoja kimeandikwa jina. Asiyejulikana naye ana mahali pake, pameandikwa kwa Kiitaliano kwamba hajulikani. Kando ya kanisa pana msikiti mdogo kwa ajili ya askari Waislamu, Waafrika waliopigana chini ya bendera ya Italia.

Kila mwaka, mwezi wa Novemba, Waitaliano wakaao Kenya huja Mathari, misa ikasomwa na mashada ya maua yakawekwa. Mgeni apendaye sherehe na achague mwezi huo, wala asisahau sweta, kwani baridi ya Nyeri haina mzaha.

Mwenyeji wa Nyeri aingiapo humo hawezi kukosa kuwaza. Mwaka ule ule wa 1952, mwezi wa Oktoba, Hali ya Hatari ilitangazwa, na misitu hii hii ikapokea wafu wengi ambao hakuna aliyewaandika. Dedan Kimathi, mwana wa Nyeri, alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa katika gereza la Kamiti. Kwa miaka mingi jamaa zake wameomba waonyeshwe kaburi lake. Taifa lililoshindwa vita limeweza kukusanya mifupa ya watu wake katika nchi ya kigeni, na kumpa kila mmoja jina lake.

Si kazi ya serikali peke yake. Katika kila kijiji wangali wapo wazee wakumbukao ni nani aliyeingia msituni na asirudi, na nani aliyefia kambini. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Mwenye kalamu na daftari na aende akawaulize majina, ayaandike, kabla mlango huo haujafungwa.